Home Alone ya nne na swali la mtoto wa mdogo wangu

Krismasi iliyopita, jioni ya tarehe 26, watoto walikuwa tisa kwenye sebule ya mama yangu Marangu. Mvua ilikuwa imewafungia ndani tangu saa nane mchana. Mmoja akachomeka flashi nyuma ya televisheni, wakagombania rimoti, wakapekua mpaka wakaikuta Home Alone 4. Mtoto wa mdogo wangu, ana miaka minane, akaniuliza, "Shangazi, hii ni nzuri?" Nikamwambia ukweli kwamba mimi sikuipenda. Halafu nikakumbuka kuwa niliiona mara moja tu, mwaka 2004, tena nikiwa nimekasirika. Si haki kuisema sinema vibaya miaka yote hiyo kwa kuiona mara moja. Nikavuta kigoda nikakaa nao mpaka mwisho.

Bado sikuipenda. Ila safari hii nimejua kwa nini, na ndiyo maana naandika.

Lazima nianze na ile ya kwanza, na siwezi kuieleza ile ya kwanza bila kueleza Korogwe.

Desemba 1996 tulitoka Dar kwenda nyumbani kama Wachaga wengine wote. Baba alikuwa ametangulia wiki nzima kutafuta mbuzi na kuziba bati za jiko. Sisi tulikodi Coaster: mama, mama wadogo, wajomba, na watoto kumi na wawili na mizigo yao. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mdogo wangu alikuwa na miaka saba. Korogwe gari likasimama, tukashuka kunyoosha miguu, mama mdogo akanunua soda za watoto. Enzi zile ni chupa za kioo, na mwenye duka hakuruhusu chupa iondoke. Kwa hiyo mama mdogo alisimama pale na kreti, akipokea chupa moja moja na kuzihesabu kwa sauti. Kumi na mbili. Akasema, "Wote wamekunywa, wote wapo, twendeni." Chupa zilitimia, mtoto hakutimia. Mdogo wangu alikuwa ameshakunywa yake, amerudisha chupa, amezunguka nyuma ya mabanda kujisaidia.

Tuligundua tukiwa Hedaru, mama alipoanza kugawa mayai ya kuchemsha na moja likabaki mkononi.

Nakumbuka lile yai. Alilishika, akaangalia kiti kimoja kimoja, akaita jina la mdogo wangu mara moja tu, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Dereva akasema gari lina ahadi nyingine Moshi jioni ile, twende mpaka Same tutoe taarifa polisi, wapige simu. Wajomba wakaanza kubishana naye. Wakati wanabishana, mama alikuwa ameshashuka, amesimama upande wa pili wa lami, khanga amejifunga kiunoni, mkono ameunyoosha. Gari la kwanza likampita. La pili likampita. La tatu lilikuwa lori la vitunguu linakwenda Dar. Likasimama, akapanda.

Mdogo wangu alikuwa amekaa na mama mmoja muuza machungwa. Tangu gari liondoke alikuwa analia na kumsaidia kumenya, analia na kumenya. Mama yangu aliposhuka kwenye lori, mdogo wangu alimpa nusu ya chungwa aliyokuwa ameiweka pembeni tangu mchana, imeshakauka. Walifika Marangu kesho yake saa sita. Sweta la mama lilinuka vitunguu mpaka mwaka mpya, na mimi ndiye niliyelalia lile sweta.

Mwaka uliofuata, Krismasi ya 1997, baba mdogo anayeishi Moshi mjini alikuwa na deki, akakodi kanda ya Home Alone ya kwanza. Hatukuwa tunajua inahusu nini. Alituambia ni ya kuchekesha, kuna mtoto anawatega wezi. Baba mdogo alikaa karibu na televisheni akitutafsiria, maana Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani.

Sinema ile John Hughes aliiandika baada ya kupata wazo alipokuwa anajiandaa kusafiri, anaandika orodha ya vitu vya kutosahau, akawaza itakuwaje akimsahau mtoto. Ndani ya nyumba ya familia ya McCallister wamelala watu 15 wanaotaka kwenda Paris kula Krismasi. Watoto wamejazana kila chumba, pizza hazitoshi, maziwa yanamwagika mezani, na baba anapofuta maziwa anatupa tiketi ya mwanawe Kevin pamoja na karatasi zilizolowa bila kujua. Usiku upepo unakata umeme, saa za kuamshia zinakufa, wanaamka wamechelewa. Binti mmoja wa ukoo, Heather, anaambiwa ahesabu watoto haraka kabla magari hayajaondoka. Anahesabu vichwa, na ndani ya vichwa hivyo yumo mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia mizigo. Wavulana 5, wasichana 6, wazazi 4, madereva 2. Hesabu imetimia, na Kevin amebaki nyumbani amelala.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kochi. Hesabu ile ilipotimia aliinuka akatoka nje bila kusema neno.

Mama yangu alikuwa mlangoni, amesimama, sinia ya mchele mkononi, anachambua. Ndege ikawa angani, Kate, mama yake Kevin, hajatulia kwenye kiti. Anajua kuna kitu amesahau na hakijui. Wanaulizana na mumewe kama ni kahawa, kama ni mlango wa gereji. Halafu anainuka na jina la mtoto linamtoka kwa ukelele. Nilimgeukia mama. Vidole vyake vilikuwa vimesimama ndani ya mchele. Havikuchambua tena punje hata moja mpaka sinema ilipoisha.

Watu wengi wakiitaja Home Alone wanataja mitego: pasi inayodondoka kwenye shimo la nguo chafu, kitasa cha mlango kilichopashwa moto mpaka kikaiva, mapambo ya kioo ya mti wa Krismasi yaliyotandazwa chini ya dirisha, makopo ya rangi yanayoning'inia kwenye kamba. Hata mimi nilicheka mpaka mbavu ziliniuma. Joe Pesci na Daniel Stern, wale wezi wawili Harry na Marv, walianguka vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumuona akianguka. Lakini nyumbani kwetu sinema ile haikuwa ya mitego. Ilikuwa ya yule mama. Paris hakuna ndege mpaka Ijumaa, anaambiwa asubiri na wenzake. Anakataa. Anasimama uwanjani anamwomba bibi mmoja mzee amuuzie nafasi yake, anatoa pesa, anavua saa, anavua hereni. Anafika Dallas, anafika Scranton, na Scranton anaambiwa tena hakuna ndege. Pale ndipo anamwambia yule mtu wa kaunta kwamba yuko tayari kusimama barabarani kuomba lifti. Na lifti anaipata kwa bendi ya wapiga polka wanaokwenda Milwaukee, wamejazana na ala zao ndani ya gari la kukodi. John Candy ndiye kiongozi wao, anamfariji kwa kumsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kumsahau mwanawe mochwari.

Anafika asubuhi ya Krismasi. Wenzake waliosubiri ndege ya Ijumaa wanafika dakika chache baada yake. Kwa mahesabu, safari yake yote haikuokoa hata saa moja. Baba mdogo alilisema hilo, akasema si angesubiri tu. Mama akamjibu, "Wewe hujui."

Tangu siku hiyo ikawa sinema yetu. Kila Desemba, Marangu au Moshi, lazima iwekwe. Kanda ikaisha tukanunua CD, CD ikachubuka tukanunua nyingine. Ya pili, ya 1992, ile ya New York, tunaipenda pia. Wanaosema imerudia ya kwanza karibu hatua kwa hatua wanasema kweli: mtoto anapotea tena, wezi ni walewale, mzee wa kutisha mwenye koleo la theluji amekuwa mwanamke wa njiwa. Sawa. Lakini Macaulay Culkin, anayemwigiza Kevin, ni yuleyule, familia ni ileile, na mama anakimbia tena, safari hii usiku katikati ya jiji mpaka kwenye mti mkubwa wa Krismasi. Ya tatu, ya 1997, ni mtoto mwingine kabisa, nyumba nyingine, majasusi wanne wanaotafuta kifaa cha kombora kilichofichwa ndani ya gari la kuchezea. Si nzuri kama zile mbili, ila haikumdanganya mtu. Ilisema wazi: huyu si Kevin, anaitwa Alex, ana tetekuwanga, hii ni hadithi yake. Naiheshimu kwa hilo.

Sasa ya nne.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha kwanza, miaka kumi na tano. Mwaka mzima wa 2004 aliweka akiba ya nauli, akawa anatembea kutoka shule, na Desemba akaenda Kariakoo akarudi na diski iliyobandikwa karatasi yenye jina la Home Alone 4. Hakutuonyesha. Aliificha kwenye begi mpaka Marangu, na usiku wa Krismasi, tumeshakula, akampa mama mikononi. Akamwambia, "Mama, kumbe kuna ya nne. Kevin amerudi." Mama alifurahi kama amepewa kitenge. Tukapanga viti. Baba mdogo alikuwepo, mama mdogo naye alikuwepo.

Dakika chache tu, nyumba ikaingia ubaridi.

Anayeitwa Kevin McCallister anaigizwa na Mike Weinberg, na mtoto wa watu hana kosa lolote, anajitahidi. Tatizo ni kwamba miaka 12 imepita tangu ile ya kwanza na Kevin bado ni kitoto. Kaka zake na dada zake walikuwa wanne, sasa wamebaki Buzz na Megan. Linnie na Jeff hawapo, na hakuna anayewataja. Frank, ndugu wa baba yake, na kundi lake hawapo. Ile nyumba ya matofali ya Winnetka, kaskazini ya Chicago, haipo. Sinema yenyewe ilipigwa Cape Town, ambako Desemba ni kiangazi. Harry hayupo. Marv yupo, lakini anaigizwa na French Stewart, amevaa kama Harry, anaongea kwa ukali kama Harry, na ameoa mke anayeitwa Vera ambaye ndiye amechukua upumbavu wote uliokuwa wa Marv. Mdogo wangu aliuliza mara tatu, "Huyu ndiye nani?" Baba mdogo akashindwa kumjibu.

Ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, kituo cha ABC cha Marekani kikaionyesha Novemba 2002. Hilo si kosa, zipo sinema nzuri za televisheni. John Hughes hakuiandika. Hilo nalo peke yake lisingetosha kuiua. Kilichonichukiza ni kuchukua majina ya watu tunaowajua na kuwavisha watu wengine, halafu kutuambia ni walewale. Ukitaka watu wapya, waite majina mapya, kama ile ya tatu ilivyofanya.

Halafu hadithi. Baba na mama yake Kevin wametengana, wanataka kuachana. Baba, Peter, anaishi na mchumba tajiri anayeitwa Natalie kwenye jumba la kisasa linaloendeshwa kwa rimoti ya sauti. Kevin anaonewa nyumbani na Buzz, anaamua kwenda kula Krismasi kwa baba. Jumba lile lina mtumishi wa kiume, Prescott, na mama wa kazi, Molly, na wanategemewa wageni wa kifalme, na Marv na mkewe wanataka kumteka mwana wa mfalme.

Nimeiangalia tena kwa utulivu, na nataka kusema jambo moja kuhusu mitego, maana sikuliona nikiwa binti. Kwenye ile ya kwanza Kevin hana chochote ila vitu vya nyumbani. Anavijua kwa sababu ameishi navyo: anajua pasi inakaa wapi, anajua shimo la nguo chafu linashukia wapi, anajua magari yake ya kuchezea yalipo na wapi mtu akikanyaga atateleza. Kabla wezi hawajaja anachora ramani ya nyumba nzima kwa kalamu za rangi, mezani, na tunamwona akiichora. Kwa hiyo mwizi akianguka, sisi tuliokuwa tunamwangalia tunajua kamba ile ilifungwaje. Nyumba ileile iliyokuwa inamwogopesha, ile tanuru ya chini iliyokuwa inamngurumia, anaigeuza kuwa upande wake kwa mikono yake. Watu wa sinema walijenga sehemu kubwa ya ndani ya nyumba ile kwenye ukumbi wa michezo wa shule, na ghala la chini lililofurika maji wakalipiga kwenye bwawa la kuogelea la shule hiyohiyo. Ukiangalia huwezi kujua. Unaamini kila ubao.

Kwenye ya nne mtoto anasema neno kwenye rimoti, mlango unafunguka. Anasema neno, mlango unafungwa. Jumba si lake, amefika jana. Mitego ipo, maji yanafurika, watu wanagongwa vichwa na masufuria, lakini sikuona mkono ukifunga fundo. Na zaidi, mtoto hayuko peke yake. Prescott yupo, Molly yupo, baba yuko karibu. Jina la sinema linasema nyumbani peke yake, nami sikuona upweke wala sikuona nyumbani.

Mama wa hadithi, Kate, ameachwa pembeni. Yupo, anaigizwa na mtu mwingine, anaonekana mwanzoni, anaonekana mwishoni. Katikati hakuna anayekimbia. Hakuna anayevua hereni. Usiku ule wa 2004 mama yangu alikaa kimya akisubiri, nilimwona anasubiri, kila Kate alipotokea anasogea mbele kwenye kiti. Ilipofika karibu na mwisho akainuka akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wameshaangaliwa. Mdogo wangu akaitoa diski, akaiweka kwenye karatasi yake, na sikuiona tena nyumbani kwetu. Hakuna aliyemwambia kitu. Ingekuwa afadhali tungemwambia kitu. Mwaka mzima wa kutembea kwa miguu.

Hiyo ndiyo hasira niliyobeba. Nilikuwa nadhani ni kwa ajili ya mama na kwa ajili ya zile nauli. Nilipokaa na watoto juzi nikagundua kuna jingine kubwa kuliko hayo.

Mdogo wangu na mkewe waliachana miaka miwili iliyopita. Sitaeleza zaidi, ni yao. Mtoto anaishi na mama yake Dar, na mwisho wa wiki anakwenda kwa baba. Ana mswaki huku na mswaki kule. Ni mtoto mwerevu, ana maneno machache, anapanga viatu vyake mlangoni kama mtu mzima. Kwenye watoto wote tisa waliokuwa sebuleni, sinema ile ilikuwa inamhusu yeye peke yake. Kevin anafungasha begi kwenda kwa baba. Kevin anaingia nyumba ambayo si yake, anaonyeshwa chumba chake kipya kilichojaa vitu vya kuchezea. Kevin anamwangalia mchumba wa baba. Nilimtazama yule mtoto, hakuwa anacheka na wenzake. Alikuwa amesogea karibu na kioo kama bibi yake alivyosogea mwaka ule.

Nikasema moyoni, pengine sikuitendea haki. Pengine hii ilikuwa na neno la kumwambia mtoto kama huyu, neno ambalo ile ya kwanza haina. Familia za watu 15 zinazosafiri pamoja si familia pekee duniani. Watoto wa nyumba mbili wanastahili sinema yao ya kuchekesha, yenye wezi na makopo ya rangi, ambayo ndani yake mtoto anajifunza kuwa na nyumba mbili na bado kuwa mtoto wa watu. Nilianza kuitakia mema. Kweli kabisa, nilitaka iwe nzuri.

Nayo haikulifanya. Kuachana kwa wazazi wamekutumia kama njia ya kumfikisha mtoto kwenye jumba lenye rimoti, basi. Hakuna mazungumzo hata moja yenye uzito. Kwenye ile ya kwanza kuna mazungumzo kanisani, usiku wa mkesha, kwaya ya watoto inaimba mbele, Kevin amekaa benchi moja na Mzee Marley anayeogopwa na mtaa mzima. Mzee anamwambia amegombana na mwanawe, hawasemezani miaka, amekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba kwa sababu nyumbani hakaribishwi. Mtoto anamshauri apige simu. Dakika chache tu, kwenye sinema ya kuchekesha, na mambo ya mzazi na mtoto waliotengana yamesemwa kwa adabu na kwa ukweli kuliko yote yaliyomo kwenye hii ya nne. Tena Mzee Marley anasema anaogopa. Mtu mzima anamwambia mtoto kwamba anaogopa.

Kwenye ya nne wezi wanakamatwa, Peter anagundua mwanawe alikuwa anasema kweli, anamwacha Natalie, anarudi kwa Kate. Haya, Krismasi njema. Kinachochukua watu miaka kukimaliza, wengine hawakimalizi, kimemalizwa kabla maandishi ya mwisho hayajaanza kupanda. Na kilichomrudisha baba nyumbani ni nini? Ni mtoto, kwa sababu mtoto alikuwa shujaa, aliwakamata wezi.

Maandishi yakapanda. Watoto wengine wakaanza kugombania rimoti. Yeye akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, kwa hiyo baba na mama yake wamerudiana kwa sababu alikuwa anapigana na wezi?"

Nikamwambia, "Kwenye sinema, ndiyo."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo na baba anaweza kurudi Krismasi?"

Niseme wazi kwamba sikuwa na jibu. Nilimshika bega. Nilichukia sana wakati ule, nikamchukia kila mtu aliyekaa mezani akaandika ule mwisho bila kuwaza kwamba atakuja kukaa mtoto mbele ya kioo, mahali fulani, anayeutafuta.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe, amelowa, panga bado mkononi, na alikuwa amesikia. Aliliegemeza panga ukutani, akavua mabuti, akaja akachuchumaa mbele ya mwanawe. Alimwambia hivi, nimeyakumbuka maneno yote: "Hapana. Sitarudi kukaa pale na mama. Hata ukikamata wezi kumi sitarudi, na si kwa sababu yako. Lakini Jumamosi nitakuja. Na Jumamosi nyingine nitakuja. Ukiona sijafika, ujue niko njiani."

Mtoto akauliza, "Na kama gari limeharibika?"

"Nitapanda jingine."

Mama yangu alikuwa jikoni, lakini jiko lile halina mlango, na yeye anasikia kila kitu. Akaja anafuta mikono kwenye khanga. Hakumwambia mtu pole wala hakumwambia mtu neno la busara. Akasema tu, "Niwekeeni ile ya zamani," akakaa kwenye kochi, akampigia mjukuu wake kofi dogo kwenye mto, hapa, kaa hapa.

Tukaiweka. Watoto walioiona mara ishirini wakaanza kusema maneno kabla ya waigizaji. Mjukuu alikaa kimya mpaka kwenye uwanja wa ndege wa Scranton, mpaka yule mama alipopata lifti akaingia nyuma ya lile gari katikati ya wanaume na ala zao. Akamwangalia bibi yake. Nadhani alikuwa ameshasikia vipande vya hadithi ya Korogwe kwa baba yake, kama watoto wanavyosikia.

"Bibi, na wewe ulipanda la wanamuziki?"

"Mimi nilipanda la vitunguu," mama akasema. "Sogea, unanizibia."